Lafudhi mpya kwenye rekodi, ufunguo wa majibu uleule

Ukitaka kujua kama mtihani wa Kiingereza umewafikiria watumiaji wake wa dunia nzima, usianze na rekodi ya kusikiliza. Anza na ufunguo wa majibu. Kisha soma vigezo vya kusahihishia mazungumzo. Rekodi iwe ya mwisho.

Mitihani mingi hufanya kinyume. Anatafutwa msomaji mmoja mwenye lafudhi ya Lagos au Mumbai, anarekodiwa dakika mbili, na mtihani unatangazwa kuwa wa kimataifa. Ufunguo haujaguswa. Vigezo bado vinadai "matamshi ya asili". Kwangu hiyo ni danganya toto, tena ya gharama, maana mtahiniwa ameongezewa ugumu wa masikio bila kupunguziwa uonevu wa kalamu.

Mabishano kuhusu Kiingereza cha nani kiwe kipimo ni ya siku nyingi. Mwaka 1985 mwanaisimu Braj Kachru alikigawa Kiingereza katika miduara mitatu: wa ndani, yaani Uingereza, Marekani, Australia na wenzao, wa nje, kama India, Nigeria, Kenya na Singapore, ambako kilifika na ukoloni kikabaki kwenye shule, mahakama na magazeti, na unaopanuka, kama China, Japani na Brazili, ambako ni lugha ya kigeni. Mwanaisimu mwenzake, Randolph Quirk, akapinga wazo la kuzipa aina hizo za nje hadhi ya kuwa viwango vya kufundishia, Kachru akamjibu mwaka 1991, na wasomi wanaendelea kuvutana hadi leo. Mtunzi wa mtihani hana nafasi ya kungoja waafikiane. Karatasi lazima ichapwe, na kila swali analoandika ni uamuzi, hata kama hajui kwamba ameamua.

Atazungumza na nani?

Kabla ya swali la kwanza, andika majibu ya mambo matatu kwenye karatasi itakayobaki ofisini: mtahiniwa akifaulu atatumia Kiingereza na nani, kwa kazi gani, na asipoeleweka kitaharibika nini. Bila karatasi hiyo, kila ugomvi kuhusu lafudhi au sarufi utaishia kwenye "mimi nilifundishwa hivi".

Mfano ninaoupenda uko angani. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lilipitisha mwaka 2003 masharti ya lugha kwa marubani na waongoza ndege, yakaanza kutumika 2008. Ngazi ni 6, na ya 4 ndiyo ya chini inayomruhusu mtu kufanya kazi ya safari za kimataifa. Vinapimwa vitu 6: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, mtiririko, uelewa na mwingiliano. Hakuna kutafuta wastani. Ngazi ya chini kabisa kati ya hizo 6 ndiyo ngazi yako; ukipata 5 kwenye vitano na 3 kwenye matamshi, wewe ni 3.

Kwa ukali huo ungedhani lafudhi imebanwa. Haikubanwa. Ngazi ya 4 inaruhusu matamshi yaliyoathiriwa na lugha ya kwanza au ya eneo, mradi yazuie uelewa mara mojamoja tu. Hata ngazi ya 6, ya juu kabisa, inakubali kuwa athari hiyo huenda ikasikika, ila karibu isizuie uelewa kabisa. Na aliyezaliwa na Kiingereza hakuachwa nje: naye lafudhi yake lazima ieleweke na jumuiya nzima ya usafiri wa anga, si na watu wa kwao tu. Anayemeza silabi na kumwaga misemo ya mtaani kwao ana kesi ya kujibu kama wengine.

Mtihani wa kuingilia chuo kikuu una jibu lingine. Uandishi wa kitaaluma una kaida ambazo wahariri wa majarida wanazisimamia, na sioni ubaya kuzipima. Lakini hizo ni kaida za kuandika. Kuzihamishia kwenye dakika kumi za mazungumzo ni kupima kitu ambacho hata wahadhiri wenyewe hawakifanyi wakifungua mdomo.

Ufunguo ndio penye mzizi wa fitina

Tazama swali hili la kuchagua jibu, la aina inayopatikana katika mitihani isiyohesabika:

The committee will ____ at the next meeting.
A. discuss about the budget
B. discuss the budget
C. discussing the budget
D. discusses the budget

Ufunguo ni B. Vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi yanayowekwa kando ya lile sahihi, ni A, C na D. C na D ni makosa popote utakapokwenda. Tatizo ni A. "Discuss about" husemwa na watu waliosoma, tena bila kusita, Nigeria, India, Singapore na Afrika Mashariki. Mtu aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni katika nchi hizo ameisikia kwa walimu, kwenye vikao na redioni. Kwa hiyo kipotoshi hiki hakimnasi aliye dhaifu. Kinamnasa aliyekizoea Kiingereza cha kwao. Anayejifunza kwa kitabu tu, katika nchi ambako hakizungumzwi mtaani, anaruka mtego kirahisi kwa sababu kitabu kilimwonya. Unaishia kumpa alama anayekutana na lugha hii saa mbili kwa wiki na kumnyima anayefanyia kazi kila siku.

Dawa ni fupi: ondoa "discuss about", weka "discuss to". Swali linaendelea kupima kilekile, yaani kitenzi kinachochukua yambwa bila kihusishi, lakini hakuna jamii ya wasomi inayosema hivyo. Kanuni ya kubandika ukutani ni hii: jibu sahihi liwe sahihi katika kila aina ya Kiingereza unayoihudumia, na kila kipotoshi kiwe kosa katika zote.

Kanuni hii si ngeni. Hakuna mtunzi makini anayemtega mtu kati ya "colour" na "color", "the team is" na "the team are", au "I just ate" na "I've just eaten". Uingereza na Marekani zilishasameheana zamani. Msamaha huo uliishia kwa nchi mbili, na ni nadra kukuta karatasi inayoeleza kwa nini. Peter Lowenberg aliliuliza swali hilohilo kuhusu mitihani ya kimataifa mwaka 1993, viwango ni vya nani, na bado linauma.

Mitego hujificha mahali palepale. Nomino ambazo kitabu kinasema hazihesabiki: "equipments", "furnitures", "advices". Vihusishi vinavyoongezwa: "emphasize on", "request for", "comprise of", "cope up with". Kibwagizo kimoja cha swali kwa kila sentensi, "isn't it?". Kitenzi cha hali kikiwekwa katika wakati unaoendelea, "I am having two brothers", kinachosikika sana India. Kwenye msamiati, hatari inakwenda pande zote mbili. "Robot" kwa maana ya taa za barabarani itamkwaza asiyetoka Afrika Kusini, "next tomorrow" asiyetoka Nigeria, na "lakh", yaani 100,000, asiyetoka Asia ya Kusini. Lakini "ballpark figure" na "sticky wicket" nazo zinamkwaza asiyejua besiboli au kriketi. Ajabu ni kwamba mbili hizi za mwisho hupita kwenye kamati kama Kiingereza cha kawaida, na zile tatu za kwanza zinaitwa za kienyeji. Zote tano zitoke.

Utajuaje kipotoshi kina wenyewe? Usitegemee kumbukumbu ya wanakamati. Tumia kopasi, yaani mikusanyiko ya matini iliyomo kwenye kompyuta. GloWbE, iliyotolewa na Mark Davies mwaka 2013, ina maneno kama bilioni 1.9 kutoka tovuti za nchi 20, zikiwemo Kenya, Tanzania, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. ICE, mradi ulioasisiwa na Sidney Greenbaum, ni ndogo lakini safi zaidi: kila nchi au eneo lina takriban maneno milioni 1, sehemu kubwa ikiwa ni mazungumzo. Tafuta kifungu, na usisome idadi ghafi. Soma mara ngapi kwa kila maneno milioni, maana nchi hazilingani kwa ukubwa wa data. Kisha fungua mistari 30 na uisome mmoja mmoja. Hapo ndipo watu huvivia. "Discuss about" itakuletea pia sentensi kama "they discuss about twenty cases a year", ambamo "about" maana yake ni takriban, na hiyo haina uhusiano wowote na unachotafuta. Angalia pia nani kaandika: gazeti, hukumu ya mahakama, au maoni ya mtu aliyekasirika usiku wa manane.

Baada ya hapo inabaki kazi ya kutenganisha matumizi yaliyokita na kosa la mwanafunzi. Ayo Bamgbose wa Nigeria alipendekeza mwaka 1998 mambo matano ya kutazama: wangapi wanaitumia, imesambaa eneo gani, watumiaji ni akina nani, imeingia kwenye kamusi au kitabu cha sarufi, na watu wanaionaje. Mimi huipa uzito ile ya tatu. Kama walimu, wanasheria na watangazaji wanaisema bila kujisahihisha, kuitumia kama kipotoshi ni uonevu hata kama kamusi haijaiandika, kwa sababu kamusi daima huja nyuma. Kudondosha "s" ya "she goes" ni habari nyingine. Kunasikika sana kila watu wa lugha mbalimbali wanapokutana na kuzungumza Kiingereza, na uelewa hauharibiki, lakini wasomi wa karibu kila nchi wanaikwepa wakiandika. Kwa hiyo iadhibu kwenye insha. Kwenye mazungumzo ipuuze hadi ianze kuchanganya maana.

Rekodi: namna ya kuchagua sauti

Mwaka 2006 TOEIC, mtihani wa Kiingereza cha kazini, ilipanua sauti zake zikawa na lafudhi za Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Ilikuwa hatua, ila wote ni wa mduara wa ndani. Kutoka nje ya mduara huo kunahitaji uangalifu ambao haraka haiwezi kuuleta.

Tofautisha kwanza vitu vitatu ambavyo Murray Munro na Tracey Derwing walivitenganisha mwaka 1995: lafudhi ni nzito kiasi gani, msikilizaji anatumia nguvu kiasi gani kuelewa, na ameelewa nini hasa. Waliwapa wasikilizaji sentensi za watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kichina, wakaona kwamba sentensi nyingi zilizoandikwa neno kwa neno bila kukosea bado zilipewa alama ya lafudhi nzito. Lafudhi nzito inaweza kueleweka yote. Ndiyo maana kuuliza "sauti hii ina lafudhi?" hakukusaidii kitu.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Kusanya wasomaji 10 hadi 12 ambao kweli wanafanya kazi kwa Kiingereza: wahadhiri, wauguzi, wahandisi, kulingana na ile karatasi ya ofisini. Wape matini ileile ya sekunde 90, na wasome kwa kasi inayokaribiana. Maneno 150 kwa dakika ni wastani mzuri. Tumia maikrofoni za aina moja na chumba kimoja cha utulivu, au angalau vyumba vinavyofanana. Kosa la kawaida ni kumrekodi Mwingereza studio na kumrekodi mwingine kwa simu, kisha kulaumu lafudhi kwa kazi iliyofanywa na mwangwi.

Halafu tafuta wasikilizaji kama 30 kutoka lugha za kwanza nne au zaidi. Kila mmoja aandike sentensi tano fupi za kila sauti kama alivyozisikia, kisha aipe alama ya 1 hadi 9 kwa wepesi wa kuelewa. Hesabu asilimia ya maneno yaliyoandikwa sawasawa. Sauti inayoshuka chini ya 95 kwa kundi lolote la lugha, iache. Inayopita 95 kwa wote lakini ikapata alama mbaya za wepesi, iweke kwenye maswali ya maelezo marefu, si ya kunasa namba moja iliyopita haraka.

Kamwe usimwajiri mwigizaji wa lafudhi. Anazidisha sauti mbili tatu zinazojulikana na kuacha mdundo wa kwao, na wenyeji hugundua kabla sentensi haijaisha.

Kuna jambo ambalo mitihani mingi hulisahau: sikio huzoea haraka. Clarke na Garrett walionyesha mwaka 2004 kwamba ndani ya dakika moja ya kusikiliza lafudhi ya kigeni, kasi ya kuelewa hupanda. Basi mpe mtahiniwa sekunde 20 za sauti mpya kabla ya habari ya kwanza inayoulizwa: msemaji ajitambulishe na aeleze mada. Bila hizo sekunde, swali la kwanza linapima mshtuko. Na usiipe sauti moja ngeni alama nyingi mfululizo, tawanya.

Kagua pia kila jibu linaloning'inia kwenye sauti moja. "Ship" na "sheep" zinatamkwa sawa au karibu sawa na mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki na Magharibi. Kabla hujawahurumia, kumbuka Wamarekani wengi hawatofautishi "latter" na "ladder", wala "cot" na "caught", na hakuna aliyewahi kukatwa alama. Jennifer Jenkins alipopendekeza mwaka 2000 mambo ya msingi kwa Kiingereza cha kuwasiliana kati ya mataifa, aliacha nje sauti za "th" lakini akabakisha urefu wa irabu, pumzi ya "p", "t" na "k" mwanzoni mwa neno, na mkazo unaoonyesha neno kuu la sentensi. Orodha yake imepingwa hapa na pale. Kama kichujio cha kwanza bado inafaa: jibu linalotegemea "th" pekee, liandike upya.

Utafiti wa Gary Ockey na Robert French wa mwaka 2016, uliotumia watahiniwa zaidi ya 20,000 wa TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa kuingilia vyuo vikuu, uliona kwamba hata lafudhi isiyo nzito inaweza kushusha alama za wasioizoea. Wapo wanaouchukua kama sababu ya kurudi kwenye sauti moja. Mimi nausoma hivi: lafudhi inagusa alama, kwa hiyo iingie pale tu ambapo ni sehemu ya kazi inayopimwa, na ikiingia ipimwe.

Hesabu inayoonyesha swali limeegemea wapi

Baada ya majaribio, linganisha makundi mawili yenye uwezo sawa. Uzito uko kwenye maneno "yenye uwezo sawa". Kusema kundi moja limepata asilimia 60 na lingine 75 hakuthibitishi uonevu. Huenda la pili linajua zaidi. Njia ya Mantel-Haenszel huwagawa watahiniwa kwa jumla ya alama zao, kisha hulinganisha ndani ya kila daraja.

Tuseme swali la 14 la kusikiliza. Katika daraja la waliopata jumla ya 21 hadi 25, kundi la kwanza lina watu 120: 90 wamepata, 30 wamekosa. Uwiano wa kupata kwa kukosa ni 3. Kundi la pili lina watu 100: 60 wamepata, 40 wamekosa, uwiano ni 1.5. Gawanya 3 kwa 1.5, unapata 2. Tuseme madaraja yote yakiunganishwa yanatoa hiyohiyo 2. Zidisha logarithimu asilia ya 2, yaani 0.693, kwa hasi 2.35, namba isiyobadilika ya kipimo hiki. Jibu ni hasi 1.63. Kwa mgawanyo unaotumiwa na ETS, shirika la Marekani linaloandaa TOEFL na TOEIC, chini ya 1 bila kujali alama ya hasi ni kundi A, swali halina neno, kuanzia 1.5, pale takwimu inapothibitisha kwamba tofauti ni kubwa kweli, ni kundi C, na swali hutolewa au hupitiwa upya. Takwimu ikithibitisha hivyo, swali la 14 ni C. Hasi ina maana kwamba kundi la pili ndilo linaloumia.

Usifanye hesabu hii kwa watu 40. Ningetaka angalau 200 kwenye kundi dogo, la sivyo utafukuza maswali mazuri kwa bahati mbaya tu.

Sasa mtego ambao hata wazoefu huingia. Jumla ya alama unayoitumia kuwapanga watu kwenye madaraja inatoka kwenye mtihani huohuo. Kama maswali yote yako katika lafudhi moja ambayo kundi la pili halijaizoea, jumla yao yote imeshashushwa, na hakuna swali litakaloonekana kuegemea kuliko mengine. Hesabu itasema mtihani ni msafi. Ili kuuona uonevu wa aina hiyo, wapange watu kwa alama za kusoma, au rekodi matini ileile kwa sauti mbili na uwagawie watahiniwa bila mpangilio.

Na kuegemea si lazima iwe dhuluma. Luke Harding, akichunguza kama msikilizaji hunufaika msemaji akiwa na lugha ya kwanza sawa na yake, alikuta faida hiyo kwa baadhi ya maswali na baadhi ya lugha, si zote. Kama wahadhiri wa chuo husika wengi ni wa lugha hiyo, faida hiyo ni sehemu ya uhalisia. Kama sivyo, ni zawadi isiyostahili. Karatasi ya ofisini ndiyo itakayoamua.

Msahihishaji anasikia kwa macho

Mwaka 1992 Donald Rubin aliwachezea wanafunzi wa Marekani mhadhara uliorekodiwa na Mmarekani mmoja. Baadhi waliona picha ya mwanamke wa Kizungu, baadhi ya mwanamke wa Kiasia. Sauti ni ileile. Waliomwona Mwasia walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwepo, na uelewa wao ukashuka. Kwa hiyo inapowezekana, msahihishaji apewe sauti bila video, bila jina na bila nchi.

Mazoea nayo hupotosha. Paula Winke na wenzake waliona mwaka 2013 kwamba wasahihishaji waliowahi kujifunza Kihispania waliwapendelea kidogo watahiniwa wenye lugha hiyo. Anayeizoea lafudhi anaelewa kirahisi mno, asiyeizoea anaelewa kwa taabu mno, na wote wawili wanadhani wanapima mtahiniwa. Weka mmoja wa kila aina kwa kila rekodi. Wakitofautiana zaidi ya ngazi moja, iende kwa wa tatu. Usichukue wastani, maana wastani unaficha ugomvi.

Vigezo navyo visomwe kwa kalamu nyekundu. Mwongozo wa Baraza la Ulaya wa 2001, unaopanga ngazi za kujua lugha, ulisema B1, ngazi ya kati, inaeleweka wazi hata kama lafudhi ya kigeni inasikika wakati mwingine, na B2, inayofuata juu yake, ni ya matamshi wazi na ya asili. Yaani kupanda ngazi kulikuwa kuipoteza lafudhi. Toleo la nyongeza la 2018 liliiandika upya ngazi hiyo kwa kuzingatia kueleweka. Bado nakutana na vigezo vilivyonakiliwa kutoka toleo la zamani. Futa "ya asili", "kama mzawa" na "bila lafudhi". Andika kitu kinachosikika: "msikilizaji anaomba kurudiwa si zaidi ya mara moja", "mtahiniwa akigundua hakueleweka, anabadilisha maneno".

Kwenye mafunzo, rekodi mbili hufanya kazi kubwa kuliko hotuba: moja yenye lafudhi nzito na alama ya juu kabisa, nyingine yenye lafudhi inayokaribia ya London na alama ya chini kwa sababu hoja hazishikani. Wapya wengi huzigeuza. Acha wabishane kwanza, ndipo uwaonyeshe alama.

Mashine haina msamaha zaidi. Allison Koenecke na wenzake walipima mwaka 2020 mifumo mitano mikubwa ya kutambua sauti, wakakuta wastani wa makosa ya maneno wa 0.35, yaani 35 kwa kila maneno 100, kwa Wamarekani weusi na 0.19 kwa weupe. Mfumo ukikosea kusikia, alama ya sarufi itafuata kosa hilo. Kabla ya kununua, chukua rekodi 50 kwa kila kundi unalolihudumia, ziandikwe na binadamu, kisha jumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa na mashine, ugawe kwa idadi ya maneno ya binadamu. Muuzaji akikupa wastani mmoja wa makundi yote, mwombe data iliyogawanywa.

Na mwalimu mwenye wanafunzi 40, asiye na studio wala takwimu? Kwake inatosha kuwapa karatasi wasomaji wanne wa Kiingereza waliosoma nchi tofauti, bila ufunguo, kila mmoja ajibu peke yake na aweke alama kwenye chaguo lolote ambalo angeweza kulisema mwenyewe kazini. Kipotoshi chenye alama hata moja kibadilishwe. Sababu iandikwe kwenye kadi ya swali pamoja na tarehe, kwa kuwa baada ya miaka miwili atakuja mtunzi mpya, ataona "discuss to" imekaa vibaya kidogo, na atairudisha "discuss about".